Babu yako hatii chumvi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimefunga mlango wa chumbani. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza jepesi: umebakiwa na wikendi moja kabla ya mitihani, je, uende Berlin ukatembee au ubaki Leipzig na vitabu vyako, na ukienda nitaona umechezea hela? La pili umelichomeka mwishoni kama utani: "Babu anasema Mama alipokuwa Ujerumani hakutembea hata siku moja, kazi yake ilikuwa kusoma tu. Kweli, au babu anatia chumvi?"

Babu yako hatii chumvi. Anasema alichoambiwa. Aliyemwambia ni mimi, na niliyomwambia hayakuwa kweli.

Mwaka 2003 nilikuwa Halle, hapo jirani yako. Masomo yalilipiwa na wafadhili, lakini nauli ya Lindi hadi Dar es Salaam, begi na koti la baridi vilitoka kwenye korosho za babu yako. Koti lenyewe alilichagua mwenyewe kwenye mtumba, la kiume, mikono imenipita vidole, akaniambia, "Umetumwa kitabu. Ukishikwa na hamu ya kutembea, kumbuka nani huku anapalilia." Wewe umemkuta ameshalainika.

Kila Jumapili jioni nilikwangua kadi ya simu nikapiga kwenye duka la Mpemba mmoja mtaani kwetu. Kijana wa dukani alitoka mbio kumwita, na dakika zangu zikawa zinateketea huku nasikia kuku na mzani unavyogongwa. Akifika, swali lilikuwa lilelile. "Unasoma?" Ninasoma, baba.

Oktoba ile tukaenda Berlin. Tulikuwa watano, kwa sababu kulikuwa na tiketi ya wikendi ya treni za polepole ambayo watu watano walisafiria siku nzima kwa bei moja. Mkenya wa Kisumu, wasichana wawili wa Vietnam, Mmongolia mmoja, na mimi na koti langu. Usiku wa kuamkia safari tuliandika orodha ya sehemu kumi na tisa. Karibu zote nimezisahau. Ninachokumbuka ni miguu kuuma. Lango la Brandenburg tulilipita kama tunafukuzwa. Mnara wa televisheni pale Alexanderplatz, mita 368, tuliupiga picha kwa chini maana kiingilio kilitushinda. Kufika saa tisa mchana tulikuwa tumenuniana, huyu anataka kuona Ukuta wa Berlin uliougawa mji, yule anataka kula.

Na mimi nilikuwa nimeshapigwa faini. Tiketi ya mjini nilinunua, ninayo mfukoni, ila sikujua kwamba kabla ya kupanda unatakiwa uichomeke kwenye kile kimashine cha stesheni igongwe muhuri. Mkaguzi alikuwa amevaa jaketi na viatu vya raba kama abiria yeyote. Nilijitetea kwa Kijerumani cha darasani, kila kitenzi nimekipeleka mwisho wa sentensi kama nilivyofundishwa. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaandika. Chakula changu cha wiki mbili kikaondoka na kile kikaratasi. Siku hizi faini ni euro 60, kwa hiyo usije ukasema mama yako hakukuonya.

Kitu kimoja tu kilitupa raha siku ile, nacho kipo mpaka leo: basi namba 100. Ni basi la kawaida la abiria, la ghorofa, linatoka Zoo hadi Alexanderplatz kwa nauli ileile ya mjini. Panda juu, kaa mbele kabisa. Litakupitisha kandokando ya msitu wa Tiergarten, jengo la Bunge na lile kuba lake la kioo, hadi barabara ya Unter den Linden na makumbusho makubwa yale. Ukishuka umeshaona yale ambayo wenzako watakuuliza kama umeyaona, na mchana bado mbichi.

Wenzangu walirudi usiku, kwani tiketi ilikuwa ya siku moja. Mimi nikalala kwa dada mmoja wa Tanga aliyekuwa anaishi mtaa wa Wedding, hapohapo Berlin. Asubuhi ananimiminia chai ya tangawizi, akaniuliza, "Wewe si wa Lindi? Umeshakwenda kumwamkia mjusi wenu?"

Hadithi ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kilimani kwetu Lindi ambaye mifupa yake ipo makumbusho ya Berlin, umeikuta nyumbani kama ulivyokuta kinu. Babu yake babu yako alikuwa mmoja wa wapagazi. Wajerumani walichimba pale kilimani toka 1909 hadi 1913, mamia ya watu wetu wakifukua udongo kwa majembe na sururu chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na Vita vya Maji Maji vilikuwa havijatimiza hata miaka miwili tangu vizimwe. Mifupa, zaidi ya tani 200, ilifungwa kwenye mianzi, ikabebwa kichwani na begani mpaka bandari ya Lindi. Siku nne kwa miguu, ndivyo babu anavyosimulia. Na anasimulia kwamba mzee alibeba, yeye na wenzake kwa kupokezana, mfupa mmoja wa mkono uliokuwa mrefu kuliko mtu. Hapo ndipo wajomba zako wanapoanza kucheka. Mfupa mmoja, mrefu kuliko mtu! Baba huwa anainamisha kichwa anaendelea na kahawa yake.

Basi nikaenda makumbusho, Jumapili, peke yangu. Ukumbini kuna kelele za watoto na dari la kioo. Nikatafuta kichwa kwanza, kama kila mtu, shingo ikaniuma. Yule mnyama siku hizi ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kisha macho yakashuka yenyewe mpaka kwenye mguu wa mbele, mfupa wa juu, ule wa kutoka begani hadi kiwiko. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, kama mti wa mnazi uliokaa mvuani miaka. Kuna nyufa zilizojazwa, unaona kabisa palipoungwa. Nikajisogeza nikajipima kwa macho. Unazidi mita mbili, mwanangu. Baba angesimama pembeni yake na kofia yake, usingemwona.

Unadhani nililia? Sikulia. Nilicheka, peke yangu, kwa sauti, na mlinzi akanitazama. Pembeni yangu baba mmoja wa Kijerumani alikuwa anamsomea mwanawe kibao, "Ten-da-gu-ru", sauti ameikazia pasipo pake. Nikamrekebisha. Nikamwambia ni kwetu. Yule mtoto akanitazama mimi, akamtazama mjusi, akanitazama tena, nadhani alikuwa anatafuta ufanano.

Nisikudanganye tena: siwezi kuapa kwamba mfupa ule ndio alioubeba mzee. Mjusi huyo ameungwa kutokana na mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na Lindi nzima kila ukoo unao mzee wake aliyebeba mguu. Lakini mrefu kuliko mtu, hilo ni kweli tupu.

Nikanunua kadi ya posta yenye picha ya mjusi. Nikaiandika nikiwa nimekaa ngazini, "Baba, nimeuona, kina kaka wakome." Nikarudi Halle jioni kwa kuomba nafasi stesheni kwenye kundi la watu wanne waliokosa wa tano. Nikakwangua kadi ya simu. Kijana akakimbia. Kuku, mzani. "Wiki hii ulikuwa unafanya nini?" Nikaona ile faini, nikaona korosho, nikasema, "Nilikuwa nasoma, baba. Sijatoka hata mlangoni." Akasema, "Vizuri sana," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayejivunia. Baada ya hapo kadi ningeitumaje? Ilikuwa na tarehe.

Nilifikiri nitamwambia nikirudi. Niliporudi alikuwa ameshawatangazia watu msikitini kwamba binti yake alikaa Ulaya hakutoka mlangoni. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, nikaolewa, ukazaliwa wewe. Na kila Idi wajomba zako wanamcheka juu ya ule mfupa, mimi nipo, namimina uji, nanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata uongo wenyewe. Kadi ninayo, ipo kwenye bahasha ya vyeti. Ni ile uliyoichora masharubu ulipokuwa darasa la pili, nikakuchapa bila kukueleza kosa.

Sasa jibu la swali lako jepesi. Nenda. Na hela si nyingi kama unavyoogopa: ile tiketi yako ya mwezi ya nchi nzima inakubalika kwenye treni za mikoani, ila si zile za kasi zenye mstari mwekundu, usijisahau ukapanda. Utachelewa, saa mbili na nusu au tatu badala ya moja na kitu, basi humo ndimo ujisomee. Chakula nunua Jumamosi. Jumapili maduka yao yanafungwa, nami nililala na njaa kabla sijalijua hilo. Beba chupa yako ujaze maji ya bomba. Na kitambulisho cha mwanafunzi kitoe kila dirisha, hata pale unapoona aibu.

Orodha usiandike. Kama lazima uandike, andika mstari mmoja wa treni ya chini, U6, maana wenyewe unatosha siku nzima. Kituo cha makumbusho siku hizi kinaitwa Naturkundemuseum. Toka 1961 hadi 1990 kilifungwa: treni za Berlin Magharibi zilipita chini ya mji wa Mashariki bila kusimama, abiria wanachungulia giza na walinzi. Ukitoka makumbusho, kwa mguu, hazifiki dakika kumi na tano utakuwa Nordbahnhof, panapoanzia kumbukumbu ya ukuta ya Bernauer Straße. Pale uone ukuta mtupu wa zege na ule uwazi uliokuwa nyuma yake. Michoro ya rangi uliyoiona kwenye simu ipo upande mwingine wa mji, ni mizuri, ila haikwambii watu walivyoishi.

Kisha rudi U6, elekea kaskazini hadi Afrikanische Straße. Hapo utakuta mitaa ya makazi tu, majengo ya ghorofa na baiskeli, lakini soma vibao: Sansibarstraße, Usambarastraße, Togostraße. Nilipopita mimi kulikuwa na mtaa wa Petersallee, na huyo Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyepewa mtaa huo, wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 2024 jina hilo waling'oa, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Nipigie picha kibao hicho. Sina la kusema zaidi, nakitaka tu.

Mjusi hutamkuta amesimama nilivyomwacha. Mwaka 2007 walimsimamisha upya, miguu imenyooka zaidi. Bungeni kwetu wamelizungumza sana suala la kumrudisha, na najua nyinyi vijana mna maoni yenu. Mtajadiliana na babu.

Kwa maana nataka ufanye jambo moja. Jumapili, saa nane mchana za huko, huku itakuwa saa kumi na babu yako ametoka msikitini alasiri. Mpigie simu ya video ukiwa mbele ya mguu. Usianze na kichwa, hakionekani vizuri na macho yake unayajua. Mwombe mtu akushikie simu, usimame sambamba na ule mfupa, unyooshe mkono juu. Usiseme kitu, mwache aangalie. Wajomba zako nitawaita kwa kisingizio cha ubwabwa.

Mimi nitakuwa nimekaa mkekani pembeni yake na ile kadi, masharubu na yote. Huenda nitakuwa nimeshamwambia. Huenda bado. Chaji simu usiku.

Mama yako