Jibu: Mbwa mweusi anatoka kama doa la kijivu

Ndugu, umeuliza kwa nini manyoya ya mbwa wako mweusi yanatoka kijivu na kung'aa unapomchora kwa penseli. Nadhani unakandamiza HB, penseli ya ugumu wa kati. Grafiti, ule weusi wa penseli, ikishindiliwa hung'aa, na karatasi haipokei tena. Anza na 2B, penseli laini kuliko HB, kwa mkono mwepesi, kisha 4B na 6B zilizo laini na nyeusi zaidi, tabaka juu ya tabaka, kila mstari ukifuata ulalo wa manyoya: mafupi puani, marefu shingoni. Penye mwanga acha karatasi tupu tangu mwanzo, maana ufutio haurudishi weupe wote. Usisugue kwa kidole. Mafuta ya ngozi huacha madoa. Mimi ningemaliza macho kwanza: nukta nyeupe kwenye mboni, kivuli chembamba chini ya kope ya juu. Hapo ndipo utamtambua mbwa wako.