Kitanzi cha kuandika kurasa: tatizo la nakala liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mwenzangu tunatengeneza mfumo mdogo wa faili ndani ya kiini cha Linux, ndio mradi wetu wa mwaka wa mwisho. Sehemu ya kupeleka diskini kurasa chafu (kurasa za kumbukumbu zilizobadilishwa lakini hazijaandikwa diskini) tuliichukua kwenye mfumo mwingine wa faili, tukabadilisha majina tu. Inafanya kazi vizuri, lakini msimamizi wetu ameikataa, anasema tumerudia msimbo uliokwishakuwepo. Kama inafanya kazi, kosa letu ni nini? Na tukiiondoa, tuweke nini?

JIBU: Salama. Msimamizi wenu ana haki, ila msione haya. Hata wakubwa wamepita njia hiyo. Mifumo ya faili ya Linux kama ext4, btrfs na f2fs, kila mmoja ulikuja kuwa na kitanzi (loop) chake cha kuandika kurasa, kinachofanana mno na kile cha pamoja kiitwacho write_cache_pages.

Ukikitazama haraka, kitanzi hicho ni cha kawaida: tafuta ukurasa mchafu, uandike, nenda kwa unaofuata. Ugumu umejificha katikati. Ukishashika kufuli la ukurasa, lazima uhakikishe bado ni wa faili ile ile, maana huenda faili ilikatwa wakati unasubiri kufuli. Lazima uangalie kama bado ni mchafu, au mwingine amekutangulia. Ukikuta tayari unaandikwa, uamuzi unategemea aliyekutuma: kama ni fsync (ombi la programu kwamba data ya faili ifike diskini kabla ya kuendelea), unasubiri, kama ni uandishi wa chinichini wa kupunguza kumbukumbu, unauruka. Na andiko likishindikana? Uandishi wa chinichini husimama, lakini fsync huendelea hadi mwisho na kurudisha kosa la kwanza. Hakuna hata kimoja kati ya haya kinachohusu muundo wa mfumo wenu. Mnachokijua ninyi peke yenu ni data itakaa wapi diskini.

Sasa kosa la kunakili. Mwanzoni mwa 2009 Nick Piggin, mmoja wa watengenezaji wa kiini, alirekebisha kasoro kadhaa kwenye kitanzi cha pamoja. Mojawapo ilikuwa mbaya sana: kikomo cha idadi ya kurasa kilifuatwa hata wakati wa fsync, kwa hiyo funksheni iliweza kurudisha jibu la mafanikio huku kurasa nyingine bado hazijaandikwa. Rekebisho la namna hiyo likiingia kwenye kitanzi cha pamoja, kila anayekitumia amepona siku hiyo hiyo. Aliyenakili hapati kitu mpaka mtu akumbuke kumfikia. Nakala yenu "inafanya kazi" kwa sababu hamjakata umeme mara tu baada ya fsync kurudisha jibu la mafanikio.

Haki yao walionakili nayo niitaje. Kitanzi cha zamani kilitaka ukikabidhi funksheni, nacho kiiite kwa kila ukurasa. Anayetaka kukusanya kurasa zinazofuatana ili azipeleke diskini kwa pamoja alilazimika kupitisha hali yake yote kwenye kielekezi (pointer) kisicho na aina. Zaidi ya hapo, tangu kasoro za usalama za vichakataji ziitwazo Spectre zitangazwe mwaka 2018, kinga zake zimefanya kuita funksheni kupitia kielekezi kuwe ghali. Ndiyo maana mwaka 2024 ikaja writeback_iter, ambayo inakuachia kitanzi mikononi mwako:

struct folio *folio = NULL;
int error;

while ((folio = writeback_iter(mapping, wbc, folio, &error)))
    error = andika_folio(folio, wbc);
return error;

Folio ni ukurasa mmoja au kurasa kadhaa zinazoshughulikiwa kama kitu kimoja. andika_folio ndiyo yenu. Mengine yote niliyoyataja juu yanafanywa na mwenye nyumba, yaani writeback_iter. Angalizo moja, na hapa wengi hujikwaa: msitoke kwenye kitanzi kwa break. Likitokea kosa, liwekeni kwenye error, mzunguko uendelee mpaka folio iwe NULL. Mkitoka njiani, mnaacha usafi wa ndani haujafanyika.

Kama mpangilio wenu diskini ni wa kawaida (kipande hiki cha faili kiko kwenye kipande kile cha diski), mimi ningepanda ngazi moja zaidi, nitumie iomap, msimbo wa pamoja ulio ndani ya kiini. Sehemu yake ya kuandika ilizaliwa ndani ya mfumo wa faili wa XFS, ikatolewa nje ili wengine waitumie. Ninyi mnabaki kujibu swali moja tu: data hii ipo wapi?

Mkisoma miongozo ya zamani mtaambiwa muandike writepage, ya ukurasa mmoja mmoja. Achaneni nayo, imeondolewa kwenye kiini mwaka 2025. Ya kujaza ni writepages, funksheni ambayo kiini huiita ili mfumo wenu uandike kurasa nyingi kwa pamoja; kitanzi cha hapo juu hukaa humo.

Kuna wakati kuwa na kitanzi chako ni halali. ext4 hufungua muamala wa jarida (journal, kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia kurejesha mfumo baada ya ajali) kabla ya kushika kufuli la ukurasa. Kitanzi cha pamoja kinakukabidhi ukurasa uliokwishafungwa, na ukianza muamala hapo, nyuzi mbili zinaweza kungojeana milele. Kama mradi wenu una jarida la namna hiyo, mwelezeni msimamizi sababu hiyo kwa maandishi, juu ya kitanzi chenyewe. Kama hauna, futeni nakala leo, kisha mwendeshe xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili, hasa jaribio la generic/475, linaloifanya diski ianze kutoa makosa ghafla wakati faili zinaandikwa.