Anayenyamaza kikaoni ameshapiga hesabu

Swali la wiki: "Kwa nini wafanyakazi wetu hunyamaza kikaoni, halafu wakitoka nje wanasema yote? Ni uoga, ni malezi, au ni uongozi?"

Mhariri, mimi nasema ni hesabu. Anayekaa kimya kikaoni hajaishiwa maneno, wala hakuzaliwa mwoga. Ameangalia yule aliyesema mara ya mwisho alifanywa nini, akapima na kile atakachopata yeye, akaona heri anyamaze. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa ukimya wa mahali pa kazi asianze na tabia ya mtu mmoja mmoja. Akichunguze kikao chenyewe: nani anagawa kazi, nani anamtegemea nani, na swali gumu la mwisho lilijibiwaje.

Hapa Moshi tuna mfano ambao kila nyumba inaujua. Wagumu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wamewekewa na hifadhi ya taifa kikomo cha kilo 20 za mzigo. Mgumu hahitaji mzani kujua mzigo umezidi, shingo inamwambia. Lakini ajira yake ni ya safari moja. Akishuka anarudi nyumbani kusubiri kuitwa, na anayeita mara nyingi ni yule yule ambaye angemlalamikia. Hafukuzwi mtu. Simu haipigwi tu. Na kwa kuwa hakuna barua ya kufukuzwa, hakuna cha kupeleka popote. Mwite mtu huyo kwenye kikao cha tathmini umwulize kama kuna changamoto, atakwambia safari ilikuwa nzuri. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Vyama vya msingi vya kahawa, yaani ushirika wa wakulima, vina hesabu ya aina nyingine. Huko hakuna wa kumfukuza mwenzake: kila mwanachama ana kura moja. Niliwahi kuandika mihtasari ya chama kimoja Moshi Vijijini. Katika mkutano mmoja mama mtu mzima alisimama akauliza makato ya pembejeo yamepanda kwa uamuzi wa kikao kipi. Mwenyekiti wa wakati huo akamjibu, "Mama, mambo ya hesabu waachie waliosoma." Ukumbi ukacheka. Mama akakaa. Mwaka ule wote sikuandika tena swali lolote kuhusu makato, ingawa njiani wakati wa kurudi hakukuwa na mazungumzo mengine. Walionyamaza hawakuogopa kupoteza kazi, maana hakuna kazi ya kupoteza. Waliogopa kuchekwa mbele ya majirani, na waliogopa kuanzisha ugomvi na mtu ambaye ni shemeji wa fulani na mweka hazina wa kikundi chao cha kufa na kuzikana. Ukimbana leo kikaoni, Jumamosi mko naye msibani.

Wanaosomea tabia za watu katika taasisi wameliona jambo hili tangu zamani, na mbali na hapa. Mwaka 1931 na 1932, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric karibu na Chicago, watafiti waliwaangalia mafundi 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu. Malipo yalipangwa ili kundi likizalisha zaidi lilipwe zaidi. Hawakuzalisha zaidi. Walikuwa na kiwango chao wenyewe cha siku, na aliyekipita alitaniwa na kupigwa ngumi kwenye mkono. Aliyezembea naye alisemwa, na mbaya kuliko wote alikuwa yule anayepeleka maneno kwa wakubwa. Zilikuwa nyakati za mdororo wa uchumi. Waliamini kwamba wakionyesha wanaweza zaidi, malipo kwa kila kipande yatashushwa au wenzao wataachishwa kazi. Menejimenti iliandika utaratibu wake, na mafundi wakawa na wa kwao usioandikwa, na huo ndio uliofuatwa. Nikisikia meneja analalamika kwamba watu wake "hawana moyo wa kazi", nawakumbuka mafundi wale.

Wapo watakaojibu kwamba sisi ndivyo tulivyolelewa, mdogo hamjibu mkubwa. Hili silikubali hata kidogo. Mwaka 1937, miaka minne tu baada ya kuundwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa wa huku, wakulima wa Kilimanjaro waliupinga wazi utaratibu wa kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia chama, hadi ghasia zikatokea. Na Mwongozo wa 1971, tamko la TANU, chama tawala cha wakati ule, katika ibara ya 15, ulipomkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu, wafanyakazi wa viwanda walioitwa wapole kwa miaka mingi waliinuka na kuwataja mameneja wao kwa makosa hayo hayo, wakiwa na ibara mkononi. Malezi yao hayakubadilika mwaka ule. Kilichobadilika ni kwamba walipata kitu cha kusimama nacho. Baadaye baadhi ya waliogoma walifukuzwa kazi, na wenzao nao wakapiga hesabu upya.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha jambo hili Marekani katika majaribio yake ya miaka ya 1950. Mtu aliwekwa pamoja na wengine waliopangwa kwa siri kusema kwamba mstari mfupi ni sawa na mrefu. Takribani theluthi ya majibu ya waliojaribiwa yalifuata uongo wa wengi, juu ya jambo linaloonekana kwa macho! Lakini akiwepo mtu mmoja tu wa kusema ukweli pamoja naye, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la maana kuliko yote katika elimu hii, kwa sababu linatuambia pa kuanzia.

Kile chama nilichokitaja kilipata bodi mpya, na mwenyekiti wake hakuhubiri juu ya uwazi. Aliwagawa wanachama wakae kwa vitongoji, kila kitongoji kilete maswali mawili yaliyoandikwa, ndipo mkutano uanze. Swali likawa la kitongoji, si la mama fulani. Makato yakarudi mezani siku hiyo hiyo, pamoja na mzani na posho za wajumbe. Mmoja wa bodi alinung'unika kwamba chama kimeharibika, zamani hakukuwa na malalamiko.

Mjumbe yule alisoma dalili kinyume, na si yeye peke yake. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza timu za wauguzi katika miaka ya 1990 akitegemea kwamba timu zinazoongozwa vizuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Alikuta ndizo zilizoripoti makosa mengi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu waliweza kuyasema. Kwenye timu nyingine makosa yalifichwa. Bosi anayejisifu kwamba ofisini kwake hakuna malalamiko apewe pole kwanza.

Najua wasomaji wengi watapendekeza sanduku la maoni. Nimeyaona mengi kwenye ofisi za Moshi na Arusha, na ufunguo huwa kwa yule yule anayelalamikiwa, katika ofisi ya watu wachache ambako kila mwandiko unajulikana. Kama lazima liwepo, ufunguo ukae kwa watu waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na majibu yabandikwe ubaoni, hata pale ambapo jibu ni hapana. Na "yatokanayo", yaani yaliyoachwa na kikao kilichopita, isibaki ajenda ya kupitishwa haraka ili watu wawahi chai; humo ndimo aliyeuliza mwezi uliopita anapoangalia kama swali lake liliandikwa, na wenzake wanamwangalia yeye.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi