Mwenye kazi naye apewe unga?

Dada, umeuliza kwa nini mtu mwenye kazi apewe chakula cha msaada. Pita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka mitumbwi mingi inalala, na mama anayeanika dagaa kwa kibarua hana cha kuanika. Kodi ya chumba iko palepale! Akipata unga na maharage kanisani au msikitini, hela kidogo aliyonayo inalipa kodi, hakopi kwa riba. Mgeni ndiye anaumia zaidi, hana hata duka la kumkopesha sukari. Marekani, ambako benki ya kwanza ya chakula, yaani ghala la kukusanya chakula cha msaada, ilianza mjini Phoenix mwaka 1967, vituo vingi vya kugawa chakula haviulizi karatasi za uhamiaji. Mkianzisha kituo kama hicho mtaani kwenu, tafadhali msidai kitambulisho.