Beringi kuingia kwenye shafti hakumaanishi itadumu

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Naunda mashine za kusaga mahindi hapa Morogoro. Beringi za shafti, namba 6308, zinaanza kunguruma kabla ya miezi mitatu. Kuna duka linauza namba hiyohiyo kwa bei mara tatu. Kama namba ni moja, si naibiwa?

Jibu: Huenda unaibiwa, ila si lazima na huyo wa bei kubwa.

6308 inakupa aina ya beringi na vipimo tu: shimo milimita 40, kipenyo cha nje 90, unene 23. Ni vipimo vya kimataifa, kwa hiyo beringi yoyote ya namba hiyo itaingia, iwe imetoka Sweden au uani kwa mtu. Ubora wa chuma, gololi na grisi haumo katika tarakimu hizo nne.

Mhandisi huanza na mzigo, mwendo, joto na vumbi, ndipo afungue katalogi ya mtengenezaji. Hesabu yake haina huruma: kwa beringi za gololi, mzigo ukiongezeka mara mbili, umri unashuka hadi moja ya nane. Mkanda uliokazwa kupita kiasi nao ni mzigo kwa beringi; basi kagua kwanza umekaza mikanda kiasi gani.

Kisha anaandika kwenye mchoro namba nzima pamoja na mkia wake, yaani herufi zinazoifuata. 2RS ni sili za mpira pande zote mbili. Kwa vumbi la unga zinafaa kuliko ZZ, ambazo ni za bati. C3 ni nafasi kubwa zaidi ya ndani, ili shafti ikipata moto na kutanuka, beringi isijibane. Hapa ndipo wataalamu wa kaunta wanaponichosha. Muuzaji anaitikisa beringi, anaizungusha kwa kidole: "Hii inacheza, bosi. Chukua hii iliyokaza, Japani kabisa." Amekunyima C3, ambayo mkononi hucheza zaidi, akakupa itakayoungua. Kidole hakipimi chuma! Boksi nalo halithibitishi kitu, maana kulichapisha ni kazi ndogo kuliko zote.

Nunua kwa wakala aliyeorodheshwa kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, na udai risiti yenye namba kamili. SKF, watengenezaji wa beringi wa Sweden, wana programu ya simu, SKF Authenticate: unapiga picha, wanazikagua. Chagua mapema na mbadala wa kampuni nyingine, uukague kwenye katalogi, ili uliyoichagua ikikosekana usikimbilie maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kuchukua "inayofanana".

Hiyo "inayofanana" ndiyo inayotumaliza, na si kwenye beringi tu. Beringi ina nafuu, hunguruma kabla ya kufa. Bolti ya rota, ile sehemu ya mashine inayozunguka na kusaga, haingurumi. Naona mafundi wanafunga bolti isiyo na alama yoyote kichwani mahali panapotaka 8.8, ambayo ni alama ya daraja la nguvu ya bolti, eti kwa sababu uzi umekubali. Bila alama hiyo hujui umefunga chuma gani kwenye rota inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, na anayesimama mbele yake ni mama aliyeleta debe lake la mahindi.