Dubwana la 1954 na la 2023: Namna ya Kuhakiki Filamu za Bunilizi za Kisayansi

Vijana wanaotaka kuandika uhakiki wa filamu za bunilizi za kisayansi huniuliza mara nyingi namna ya kuipima filamu ya kale mbele ya watazamaji waliozoea picha za kompyuta. Wengi wao hufuata mojawapo ya njia mbili, na zote mbili zinanichosha: ama huicheka filamu kwa sababu majengo yake ni ya mbao na dubwana lake ni mtu aliyevaa vazi la mpira, ama huisifu kwa unyenyekevu wa kupindukia, kana kwamba uzee peke yake ni sifa. Mimi huziuliza zote, za zamani na mpya, swali lile lile: waliotengeneza filamu hii waliogopa nini, na je, kitu walichokibuni kinaibeba hofu hiyo mpaka mwisho?

Anayetaka kujizoeza azitazame kwa kufuatana filamu mbili za ukoo mmoja: Gojira (ndilo jina la Kijapani la dubwana Godzilla) ya Ishirō Honda, iliyotoka Japani Novemba 1954, na Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ya mwaka 2023. Kabla ya ile ya kwanza, soma kidogo habari za mwaka wake. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki, na nguvu yake ikafikia megatani 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyokadiriwa. Majivu yenye mionzi yaliwaangukia wavuvi wa Kijapani wa meli iitwayo Daigo Fukuryu Maru, na fundi wao wa redio, Aikichi Kuboyama, akafariki Septemba mwaka huohuo. Wiki chache baadaye filamu ya Honda ikaonyeshwa, nayo inaanza na chombo cha mabaharia kinachopigwa na mwanga mkali baharini. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kuelezwa chochote zaidi. Mhakiki asiyeyajua haya ataandika kuhusu vijumba vinavyokanyagwa. Anayeyajua atakaa na lile tukio fupi la hospitalini, ambapo daktari anamwelekezea mtoto kifaa cha kupimia mionzi kisha anatikisa kichwa, na atagundua kwamba moyo wa filamu uko hapo.

Hilo halimaanishi kwamba ufundi wapaswa kupuuzwa. Eiji Tsuburaya, aliyesimamia madoido, yaani mbinu za kumfanya dubwana na maangamizi yake vionekane vya kweli, hakuwa na muda wa kumsogeza mwanasesere picha moja baada ya nyingine, kwa hiyo alimvika Haruo Nakajima vazi zito mno na kuiendesha kamera kwa kasi, ili picha zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida kila hatua ionekane ya mnyama mwenye uzito wa mlima. Upime ufundi kwa kazi uliyokusudiwa kufanya. Kwa kipimo hichohicho, madoido ya Yamazaki, yaliyofanywa na kikosi cha watu 35 tu na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2024, yanastahili sifa kwa sababu yanaitumikia hofu nyingine kabisa: hofu ya taifa linalotapanya maisha ya raia wake, ikionwa kwa macho ya rubani aliyekataa kufa vitani na sasa anaona haya kuwa hai. Hata hivyo, naiona filamu hiyo mpya ikilegea mwishoni, kwa kuwa inawafariji wahusika wake haraka mno. Honda hakumfariji mtu. Mwanasayansi wake, Serizawa, anaiogopa silaha aliyoivumbua kuliko anavyoliogopa dubwana, na woga huo ndio unaoamua hatima yake.

Jambo la pili, ambalo wahakiki wengi huliruka, ni kutaja umetazama toleo lipi. Mwaka 1956 Gojira ilikatwakatwa kwa ajili ya soko la Marekani, akaongezwa mwigizaji Raymond Burr kama mwandishi wa habari anayesimulia, na maneno kuhusu Nagasaki, mji wa Japani uliopigwa bomu la atomiki mwaka 1945, yakaondolewa. Aliyetazama toleo hilo ametazama kazi nyingine. Vivyo hivyo filamu ya Kijerumani Metropolis ya Fritz Lang, ya mwaka 1927, ilizunguka duniani kwa miongo mingi ikiwa imepunguzwa, hadi nakala ndefu zaidi ilipopatikana Buenos Aires mwaka 2008. (Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunalielewa jambo hili bila kufundishwa: filamu iliyosimuliwa upya kwa Kiswahili na DJ ina utani na hekima ambavyo mwongozaji wake hajawahi kuviota. Ihakiki kwa furaha, ila mtaje msimuliaji.)

Kuhusu usahihi wa sayansi, nitakuwa mfupi. Usiandike orodha ya makosa ya fizikia. Angalia kama filamu inazitii kanuni ilizojiwekea yenyewe. Filamu iitwayo Pumzi, ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009 na yenye urefu wa dakika 20 hivi, inatuweka katika jamii iliyoishiwa maji, ambamo jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Kuanzia hapo kila tone lina bei, na mhusika mkuu anapoumwagia mche maji yake tunajua gharama bila mtu yeyote kutuhutubia. Kuna filamu za bajeti kubwa ambazo hutumia saa nzima kueleza mitambo yake, kisha zikazisahau kanuni zake pindi steringi anapobanwa. Ukikutana na hali hiyo, taja tukio lenyewe na kanuni iliyovunjwa, ili msomaji aweze kwenda kulitazama na kukupinga akitaka.