Mwalimu, usikate karatasi za lamineshini kabla ya kupitisha

Mwalimu, weka huo mkasi chini kwanza. Umeandika kwamba ofisi ya skuli yenu huko Wete imenunua mashine ya lamineshini, ile ya kugandisha karatasi ndani ya plastiki kwa moto, kesho mnaanza na vyeti vya wanafunzi, na aliyewauzia kakwambieni mzikate zile karatasi za plastiki zilingane sawasawa na cheti ili zisiende bure. Unauliza ununue plastiki ya unene gani, na karatasi ikinasa ufanye nini. Yote tisa, kumi ni hilo la kukata. Usikate kabla ya kupitisha. Kata ikishatoka na ikishapoa.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na muuzaji wa duka moja mjini Unguja. Kayasema kwa uhakika, mkasi mkononi, akanionesha na namna ya kukata. Mtu anauza kitu kila siku, unamwamini.

Sasa tazama karatasi yenyewe. Ni kurasa mbili za plastiki zilizoshikana ubavu mmoja, na kila ukurasa ndani umepakwa gundi inayoyeyuka ikipata moto. Ule ubavu ulioshikana ndio unaotangulia kuingia mashineni, kwa sababu ndio unaozuia kurasa zisiachane zikifika kwenye rola, yale magogo mawili ya ndani yanayozunguka na kuivuta. Na pembeni mwa cheti lazima plastiki izidi, angalau milimita 3 kila upande, ili gundi ya juu ikutane na gundi ya chini na kufunga. Ukikata sawasawa na cheti, gundi haina pa kwenda ila kuchuruzika ikaganda kwenye rola. Ukikata na ule ubavu ndio umemaliza kazi: ukurasa wa juu unaifuata rola ya juu, wa chini unaifuata rola ya chini, na cheti kiko katikati.

Ndivyo ilivyokuwa ofisini kwetu. Mama mmoja alileta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, chenyewe hasa, si kopi. Kikakatiwa plastiki kama tulivyofundishwa. Kikaingia nusu vizuri, kisha upande wa pili ikachungulia plastiki ya chini peke yake, nyeupe kama maziwa, wala cheti hakionekani. Plastiki ya juu ilikuwa inajizungusha kwenye rola. Mashine haikuwa na kitufe cha kurudisha nyuma. Tulipoizima na kuifungua, cheti kimechanika: jina la mtoto kipande hiki, tarehe kipande kile, na pembe yenye muhuri imegandana na rola kama iliyopigwa pasi. Yule mama alisimama pale mezani hasemi kitu. Gharama za kutafuta cheti chengine nililipa mimi, na ilikuwa haki yake, lakini usumbufu wa kwenda na kurudi maofisini aliubeba yeye.

Halafu akaja fundi akakwangua gundi kwa kisu. Rola ile ni mpira, na mpira ukishatiwa mfuo hauponi. Tangu siku hiyo kila kilichopita kilitoka na mstari mmoja wa urefu, na mashine tukaiweka kando. Muuzaji nilipomrudia akanambia nimeitumia vibaya. Yeye ndiye aliyenifundisha! Bado linaniuma, kwa sababu naona maneno yale yanaendelea kuuzwa pamoja na mashine, na sasa yamefika Wete. Karatasi moja ya plastiki ina thamani gani mbele ya cheti cha mtoto wa mtu?

Ikinasa: usivute kwa nguvu na usitie kisu wala bisibisi. Tazama kama yenu ina kitufe cha kurudisha nyuma au kishikio cha kulegeza rola, ukijue leo kabla hujawasha. Bila hivyo, zima, chomoa waya, iache ipoe, ndipo uifungue. Na umeme wa Pemba unaujua mwenyewe. Ukikatika karatasi iko ndani, imesimama juu ya rola za moto, basi legeza rola uitoe pale pale, usisubiri urudi.

Unene, nenda na maikroni 80 (maikroni elfu moja ni milimita moja) kwa matangazo ya ukutani na 125 kwa vitu vya kushikwashikwa, ila usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye mashine yenyewe. Subiri taa ya kuwa tayari iwake. Ukiingiza bado haijapata moto, inatoka na ukungu, na ukungu ule ndio unaowafanya watu wairudishe mara ya pili na ya tatu. Msimu wa masika karatasi unazotaka kuzipitisha hunyonya unyevu na kutoa mapovu, kwa hiyo zianike ndani penye feni kwanza. Risiti zinazochapwa na mashine za madukani usipitishe kabisa, moto unazigeuza nyeusi.

Na hivyo vyeti vya wanafunzi, nakuomba, vitolee kopi upitishe kopi. Cheti chenyewe mpe mtoto kwenye kifuko cha plastiki cha kuwekea nyaraka. Kikishagandishwa hakibanduki, na muhuri wa kubonyezwa unalazwa ukawa bapa.

Zile ulizokwisha kuzikata usizitupe. Zilizobakiwa na ule ubavu ulioshikana tia karatasi ndogo zaidi, mfano lebo za makabati au majina ya milangoni, plastiki ibaki kila upande. Zilizokatwa ubavu huo zisikaribie mashine.